Akiachiwa huru na mahakama, je, ina maana hakuua?

«Shikamoo Wakili. Mimi na kaka yangu tumebishana kwa muda mrefu juu ya kesi ya familia ya Bain ya New Zealand. Kaka anasema kuwa katika nyumba ile watu wawili tu ndio waliweza kuua, baba au mwana. Kwa kuwa hakuna mahakama iliyosema kwamba baba ndiye muuaji, basi ni mwana. Mimi nasema mahakama ilimwachia huru, kwa hiyo imethibitika kwamba hakuua na mjadala umekwisha. Kisha nikasoma kwamba serikali yao haikukubali kwamba hana hatia, lakini ikampa fedha. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nauliza kwa sababu baba yetu mdogo alishtakiwa hapa Tanzania kwa kifo cha babu, na baada ya miaka kadhaa mahabusu akaachiwa. Mpaka leo shangazi zetu hawamsalimii. Sasa kuna harusi ya mdogo wetu, na kaka ameandika katika kundi la ukoo la WhatsApp kwamba muuaji asialikwe. Nani kati yetu yuko sahihi?»

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mgawanyiko ulioingia nyumbani kwenu. Barua yako ina maswali mawili, moja la New Zealand na moja la kwenu, na naona wazi kwamba la pili ndilo linalokunyima usingizi. Hata hivyo nitaanza na lile la mbali, kwa kuwa mtu hufikiri kwa utulivu zaidi juu ya msiba usio wake, na kwa kuwa kanuni inayolijibu ndiyo hiyo hiyo inayowahusu ninyi. Jibu fupi ni kwamba wewe na kaka yako mmekosea wote wawili, ingawa kosa lake lina madhara makubwa zaidi kuliko lako.

Kwanza niweke mambo yalivyokuwa. Asubuhi ya tarehe 20 Juni 1994, katika mji wa Dunedin kusini mwa New Zealand, kijana wa miaka 22 aitwaye David Bain alipiga simu ya dharura akisema watu wa nyumbani kwake wote wamekufa. Alikuwa amerudi kutoka kugawa magazeti, kazi aliyoifanya kila alfajiri. Waliokufa kwa risasi walikuwa baba yake Robin, mama yake Margaret, dada zake Arawa na Laniet, na mdogo wake Stephen aliyekuwa na miaka 14. Bunduki ilikuwa ya David. Kwenye kompyuta palikuwa na ujumbe mfupi wa kuomba radhi, ukimwambia msomaji kwamba yeye peke yake ndiye aliyestahili kubaki. Ama Robin aliwaua wengine, akaandika ujumbe ule na kujiua wakati mwanawe yuko njiani na magazeti, ama David aliwaua wote na kuupanga ushahidi umwelekee baba yake. Pande zote mbili mahakamani zilikubaliana kwamba hapakuwa na mtu wa tatu.

Mwaka 1995 David alitiwa hatiani kwa mauaji yote matano, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani karibu miaka 13. Mwaka 2007 Baraza la Privy la London, ambalo wakati ule lilikuwa bado linasikiliza baadhi ya rufaa kutoka New Zealand, na ambalo hadi miaka ya 1960 lilisikiliza pia rufaa kutoka kwetu Afrika Mashariki, lilitengua hukumu hiyo. Kesi ilisikilizwa upya mjini Christchurch mwaka 2009, na jopo la raia, yaani watu wa kawaida wanaoamua suala la hatia mahali pa jaji, likamwona hana hatia katika mashtaka yote matano.

Sasa tuitazame hoja ya kaka yako, maana ndiyo niliyoisikia mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote kila kesi hii inapojadiliwa. Anasema: ni baba au mwana, si baba, basi ni mwana. Mpangilio wa maneno unaonekana hauna kasoro, lakini ndani yake pamefichwa jambo ambalo sheria inalikataa kabisa. Hakuna aliyethibitisha kwamba si baba. Kilichotokea ni kwamba hakuna mahakama iliyotamka kwamba ni baba, na haikuweza kutamka, kwa sababu Robin alikuwa amekufa na hakuwahi kushtakiwa. Kutothibitika kwa jambo na kuthibitika kwa kinyume chake ni vitu viwili tofauti. Kaka yako, pasipo kujua, amemtwika mshtakiwa mzigo wa kumtia hatiani marehemu baba yake, na asipoweza, anamfunga yeye.

Mzigo huo si wa mshtakiwa. Kanuni hii ilisimikwa kwa uwazi mwaka 1935 nchini Uingereza, katika kesi nyingine ya mauaji ya ndani ya familia. Reginald Woolmington, kijana wa miaka 21, alimpiga risasi mkewe Violet aliyekuwa amemkimbia na kurudi kwa mama yake. Alijitetea kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akitishia kujiua mwenyewe. Jaji aliliambia jopo kwamba, kwa kuwa imethibitika mume ndiye aliyesababisha kifo, ni juu yake kuthibitisha kwamba ilikuwa ajali. Alihukumiwa kunyongwa. Rufaa ilipofika kwenye mahakama ya juu ya Bunge la Mabwana, majaji walisema hapana: ni upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kwamba aliua kwa makusudi, na kama maelezo yake yanaacha shaka yenye msingi, basi ni lazima aachiwe, hata kama hawakuyaamini moja kwa moja. Mahakama zetu za Tanzania, Kenya na Uganda zimeishi na kanuni hiyo tangu enzi za ukoloni hadi leo.

Rudi nayo Dunedin. Wajumbe wa jopo hawakuulizwa ni nani kati ya baba na mwana anayeelekea zaidi kuwa muuaji. Waliulizwa jambo moja: je, mmesadiki, pasipo kuacha shaka yoyote yenye msingi, kwamba ni David? Chukulia mjumbe aliyeona kwamba uwezekano wa mwana ni mkubwa kidogo kuliko wa baba, lakini ule wa baba hauwezi kupuuzwa. Kiapo chake kinamlazimu kusema hana hatia. Mjumbe aliyeketi kando yake pengine aliamini kabisa kwamba Robin ndiye, naye atasema hana hatia. Wote wawili wanatoa uamuzi ule ule kwa maneno yale yale, na sisi tulio nje hatuna njia ya kujua nani aliongozwa na lipi, kwa kuwa jopo halitoi sababu.

Hapo ndipo kosa lako lilipo, binti yangu. Kuachiwa huru hakuthibitishi kwamba mtu hakufanya. Kunasema kwamba dola ilipewa nafasi ya kuthibitisha na haikuweza. Lakini sikiliza na upande wa pili wa neno hilo, kwa sababu wengi wakishasikia la kwanza hukimbilia kusema, «basi aliachiwa kwa hila za wakili tu». La hasha. Mtu aliyeachiwa huru amerudi mahali alipokuwa kabla ya kushtakiwa, na mahali hapo ni pale ulipo wewe, nilipo mimi, alipo na kaka yako: mtu anayehesabiwa na sheria kuwa hana hatia. Hakuna daraja la katikati la watu waliothibitishwa nusu.

Na marehemu Robin naye ana haki katika hili. Katika kesi ya pili walikuja mashahidi walioeleza mambo mazito ambayo, kwa maelezo yao, Laniet aliwaambia kuhusu baba yake. Yule msichana hakuwepo kuulizwa, na baba hakuwepo kujibu. Madai yale yalikubaliwa kusikilizwa kwa sababu yalihusu swali la kama palikuwa na shaka juu ya hatia ya David. Hayakuwa hukumu dhidi ya Robin, na wanaomtetea mwana kwa kumtangaza baba kuwa muuaji aliyethibitishwa wanafanya kosa lile lile wanalowalaumu wenzao.

Unaweza kujiuliza imekuwaje ushahidi mmoja uzae kusadiki mwaka 1995 na shaka mwaka 2009. Ukweli ni kwamba haukuwa mmoja. Chukua alama za soksi yenye damu zilizopatikana kwenye mazulia. Wapelelezi walinyunyizia kemikali inayoitwa luminoli, ambayo hung'aa gizani inapokutana na chuma kilichomo ndani ya damu, na wakapima alama iliyoonekana kamili kutoka kisigino hadi kidoleni: milimita 280. Mguu wa Robin ulikuwa wa milimita 270. Jopo la mwaka 1995 liliambiwa kwamba alama ni kubwa mno kwake, kwa hiyo ni ya David. Baadaye ikabainika kwamba mguu wa David ulikuwa wa milimita 300. Upande wa utetezi ukauliza mguu wa 300 unaachaje alama kamili ya 280, na ukaleta majaribio ya kuonyesha kwamba mtu anayetembea na soksi yenye damu huacha alama inayozidi kidogo urefu wa mguu wake. Upande wa mashtaka ukajibu kwamba alama huenda haikuwa kamili kama ilivyodhaniwa. Na hapakuwa na pa kurudi kupima upya, kwa kuwa mwezi Julai 1994, wiki chache tu baada ya mauaji, nyumba ile iliteketezwa kwa moto kwa ridhaa ya ndugu. Nimefundisha sheria ya ushahidi muda wa kutosha kuumizwa na jambo hilo. Naelewa kwa nini ndugu hawakutaka kuiona nyumba ile ikisimama, lakini pamoja na kuta zake yaliungua majibu ambayo leo yangewapumzisha wao wenyewe.

Habari ya kompyuta inafanana na hiyo. Jopo la kwanza lilipewa saa ya kuwashwa kwake kana kwamba ilijulikana kwa dakika, na saa hiyo iliangukia karibu sana na wakati David alipofika nyumbani. Baadaye ilionekana kwamba kipimo kile hakikuwa na uhakika huo, na katika hoja ambayo yote inategemea nani alikuwa ndani ya nyumba dakika gani, dakika chache ni kila kitu. Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo hadi leo yanawapa kazi wanaomtetea David: bunduki ni yake, alama za vidole vyake zilikuwa juu yake, na kioo kimoja cha miwani iliyovunjika kilikutwa chumbani kwa Stephen, ilhali fremu yake ilikuwa chumbani kwa David. Utetezi ulikuwa na maelezo kwa kila kimoja. Sitakuambia nani aliua, kwa sababu aliyesoma ushahidi wote kwa uaminifu anaona kwamba kila upande unabaki na kitu usichoweza kukieleza vizuri.

Kipo kitu kimoja tu katika mjadala wa umma ambacho naomba ukitupe kabisa, nacho ni namna David alivyokaa siku za msiba: alichosema, alivyoonekana, alivyolia au kutolia. Hata kwetu si nadra kusikia watu wakisema matangani, «huyu machozi yake si ya kweli». Mshtuko humfanya mtu mmoja apige mayowe, mwingine apange viti, mwingine acheke bila kujua. Uso wa mfiwa haupimiki, na waliofungwa kwa sababu majirani hawakupenda walivyoomboleza ni wengi mno kwa sheria kulichukulia hilo kwa wepesi.

Lile lililokuchanganya zaidi, yaani fedha, sasa linaelezeka. Baraza la Privy mwaka 2007 halikusema David hana hatia. Lilisema ushahidi mpya ulikuwa mzito kiasi kwamba jopo lililopaswa kuusikia halikuusikia, na kwamba Mahakama ya Rufani ya New Zealand haikupaswa kuupima yenyewe na kuamua mahali pa jopo. Baada ya kuachiwa mwaka 2009, David aliomba fidia, na hapo mzigo ukageuka. Katika maombi ya fidia nchini mwao, mwombaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakutenda, si kwa kiwango cha kuondoa shaka yote, bali kwa kuonyesha kwamba inaelekea zaidi hakutenda kuliko kwamba alitenda. Jaji mstaafu wa Kanada, Ian Binnie, alitoa ripoti mwaka 2012 akisema amefikia kiwango hicho. Serikali haikuridhika na ripoti ile, ikamwita Ian Callinan, jaji mstaafu wa Australia, ambaye mwaka 2016 alisema hakufikia. Mwaka huo huo serikali ikamlipa dola 925,000 za New Zealand ili kulimaliza suala, ikieleza kwamba hiyo si fidia na kwamba haikubali kuwa hana hatia.

Kwa hiyo hakuna mgongano kati ya jopo na Callinan. Jopo liliuliza kama hatia imethibitishwa. Callinan aliuliza kama kutokuwa na hatia kumethibitishwa. Majibu ya «hapana» kwa maswali yote mawili yanakaa pamoja bila shida, maana katikati yake lipo eneo kubwa la yasiyojulikana. Ndivyo ilivyokuwa Marekani, ambako mwanamichezo mashuhuri O.J. Simpson aliachiwa huru mwaka 1995 katika kesi ya jinai ya kumuua aliyekuwa mkewe na kijana mwingine, na mwaka 1997 mahakama ya madai, inayotumia kiwango kile cha chini, ikaamua kwamba anawajibika kwa vifo hivyo. Kwa maoni yangu utaratibu wa New Zealand ni mkali kupita kiasi, kwa sababu mtu akishakaa miaka 13 gerezani kwa hukumu iliyotenguliwa, kumtaka athibitishe jambo ambalo sisi wengine hatutakiwi kulithibitisha kamwe ni kumwacha mlangoni. Wapo wanasheria ninaowaheshimu wanaosema kinyume, kwamba fedha za umma zisilipwe kwa kila hukumu iliyoshindwa kusimama, na hoja yao si ya kubeza.

Sasa turudi kwa baba yenu mdogo. Umeandika kwamba «akaachiwa», lakini hukusema aliachiwaje, na huko ndiko pa kuanzia kabla ya neno lingine lolote kusemwa kwenye kundi la ukoo. Ikiwa Mkurugenzi wa Mashtaka alieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, mshtakiwa huachiwa, lakini sheria haizuii kumshtaki tena kwa kosa lile lile. Ikiwa jaji alisikiliza mashahidi wa Jamhuri na kuamua kwamba hana kesi ya kujibu, au alisikiliza pande zote na kumwona hana hatia, basi ameachiwa moja kwa moja, na isipokuwa Jamhuri ilikata rufaa na kushinda, hawezi kushtakiwa tena kwa jambo hilo. Nakala ya uamuzi inapatikana masijala ya Mahakama Kuu ilikosikilizwa kesi, na hukumu nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ndugu zetu wa Kenya wanazo zao kwenye Kenya Law. Isome yote. Jaji wa kwetu, tofauti na lile jopo la Christchurch, hulazimika kuandika sababu, na pengine ndani ya kurasa hizo kuna jambo ambalo shangazi zako hawajawahi kuelezwa.

Nadhani utakuta humo maneno kuhusu ushahidi wa kimazingira, kwa sababu mauaji ya nyumbani mara nyingi hayana shahidi wa macho. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema katika kesi ya Kipkering arap Koske ya mwaka 1949, na tena katika ya Simoni Musoke ya mwaka 1958, kwamba ushahidi wa namna hiyo humtia mtu hatiani pale tu unapokuwa haupatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na hauelezeki kwa njia nyingine yoyote ya busara. Mwambie kaka yako ajiulize hivi: nani alithibitisha kwamba katika kifo cha babu hapakuwa na mtu wa tatu? Kule Dunedin pande zote zilikubaliana juu ya hilo. Kwenu je, au ni jambo lililokuwa kweli kwa kurudiwarudiwa tu?

Juu ya ujumbe wa WhatsApp nitakuwa mkali, kwa faida yake. Kumwita muuaji mtu aliyeachiwa na mahakama, mbele ya ndugu kadhaa wanaoweza kuhifadhi na kusambaza ujumbe huo, kunaweza kumfikisha mahakamani kwa kashfa. Aufute leo, na aombe radhi katika kundi lile lile alimouandika. Ikiwa yupo mwenye ushahidi mpya wa kweli, njia yake ni polisi au ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Na nakuomba sana msikubali mtu yeyote apeleke suala hili kwa mganga wa ramli. Ramli chonganishi zimewatoa uhai wazee wasio na hatia katika nchi yetu, na ukoo wenye donda kama lenu ndio unaoingia mtegoni kwa urahisi.

Kuhusu harusi, sheria haiwalazimishi shangazi kumkumbatia. Wamefiwa na baba yao, na moyo wa mfiwa haufuati kanuni za ushahidi. Kaeni kikao mapema pamoja na mzee mmoja ambaye pande zote zinamheshimu, na ajenda iwe ni nani anakaa wapi na nani anasalimiana na nani siku hiyo, isiwe kusikiliza kesi upya, kwa sababu ninyi hamna mashahidi wala namna ya kuwahoji. Kama shangazi watasema hawako tayari kuketi naye meza moja, hilo ni ombi linaloweza kuheshimiwa bila mtu kuitwa muuaji. Naye baba mdogo aulizwe anataka nini. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo yeyote amemuuliza.

Mtafuteni wakili ana kwa ana, msitegemee barua kama hii, ikiwa mirathi ya babu haijagawanywa na kuna anayetaka kumzuia baba mdogo asirithi kwa madai kwamba aliua. Shauri la mirathi ni la madai, lile swali la kiwango cha uthibitisho nililolieleza linaweza kuibuka tena, na majibu yake yanategemea karatasi ambazo mimi sijaziona. Fanyeni hivyo pia ikiwa yeye au mtu mwingine ametishiwa. Hapo anzieni polisi, siku hiyo hiyo. Kama uwezo wa kumlipa wakili haupo, ulizeni ofisi ya kata au ustawi wa jamii wawaelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, au nendeni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mkienda, chukueni nakala ya hukumu, hati ya mashtaka kama ipo, na chapisho la ujumbe ule wa WhatsApp ukionyesha tarehe.